Akaunti ya Sebuleni Haifungui Ukumbi

Barua za safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: filamu sasa ziko mfukoni mwa kila mtu, je, ukumbi wa senema umebaki na kazi gani? Jopo letu la mafundi na wasambazaji wa filamu limezijibu, nyingine kwa urefu, nyingine kwa mkato.

Ua tunao, projekta tumeahidiwa

*Bwana Mhariri, salaam aleikum. Sisi ni vijana wa Langoni, Lamu. Mmoja wetu ana akaunti ya Netflix, mwingine kaahidiwa projekta na shemeji yake. Tuna ua wa nyumba ya marehemu babu, unaingia watu sitini wakikaa mkekani. Tukitoza shilingi 50 kwa kichwa kila Ijumaa usiku, ubaya uko wapi? Akaunti si tumelipia?*

Waaleikum salaam. Mmelipia, ila mlicholipia ni kutazama nyumbani. Masharti ya Netflix yanasema wazi kwamba huduma ni ya matumizi binafsi, si ya biashara, na ni ya watu wa nyumba moja. Watu sitini wa mtaa si watu wa nyumba moja, hata wakiwa wote ni binamu zenu, jambo ambalo kwa Langoni si ajabu. Wala msidhani kuondoa kiingilio kunawaokoa. Kuionyesha filamu hadharani ni haki ya mwenye filamu chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, utoze au usitoze.

Kuna mlango wa pili wa kubisha. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka filamu iainishwe na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, kabla ya kuonyeshwa kwa umma, na anayeionyesha awe na leseni. Madaraja ni manne: GE ya watu wote, PG ya watoto wakiwa na mwongozo wa mzazi, 16 na 18. Daraja libandikwe mlangoni mahali panaposomeka, na mwenye kukusanya tikiti awe na moyo wa kumrudisha mtoto wa jirani. Ongezeni leseni ya biashara ya kaunti. Wenye mabanda ya mpira nao wasicheke: king'amuzi kilicholipiwa kwa bei ya nyumbani hakiruhusiwi kuonyesha mechi bandani. Kuna malipo ya biashara kwa kazi hiyo.

Hata mkifumba macho kuhusu sheria, mtambo wenyewe utawagomea. Mara nyingi mtu huunganisha simu au kompyuta na projekta, akasikia sauti safi huku pazia likibaki jeusi. Si ubovu. Filamu hizo husafiri ndani ya waya wa HDMI zikiwa zimefungwa kwa ulinzi unaoitwa HDCP, na kifaa kimoja tu katikati kisichoutambua kinatosha kuzima picha. Vidude vinavyouzwa kwa ahadi ya kuuondoa ulinzi huo msivinunue, mtaongeza kosa juu ya kosa.

Njia halali ipo, nayo inaanza kwa mwenye filamu badala ya projekta. Watayarishaji wengi wa Kenya wana filamu zilizokwisha kupita matamashani na sasa zimelala kwenye diski. Mwandikieni mmoja, mtaje jina la filamu, tarehe na mahali, idadi ya watu, kiingilio, aina ya faili mnayoihitaji, na ahadi kwamba faili itafutwa baada ya onyesho. Malipo huwa ya namna mbili: kiasi kilichokatwa kabisa, au mgawo wa mapato ya mlangoni. Mkichagua mgawo, tumieni kitabu cha tikiti zenye namba na vipande vinavyobaki, mumpelekee vipande hivyo pamoja na pesa. Mtayarishaji akiona hesabu safi mara moja, filamu ya pili hutoa bila kuvutana.

Kuna pia filamu za hali halisi ambazo Netflix yenyewe imeruhusu zionyeshwe mara moja kwa ajili ya elimu, bila kiingilio na bila matangazo ya biashara. Ruhusa hiyo huandikwa kwenye ukurasa wa filamu husika katika tovuti yao ya vyombo vya habari. Kama haikuandikwa, haipo. Na filamu kongwe? Sheria yetu huilinda filamu kwa miaka 50 tangu kutolewa, lakini muziki na hadithi iliyomo vina muda wake vyenyewe, kwa hiyo ulizeni kwanza.

Picha ina ukungu ilhali intaneti ina kasi

*Nimelipia mpango wa juu, bando ninalo, lakini simu yangu mpya yaonyesha filamu kama imepakwa mafuta. Video za YouTube ziko safi. Tatizo ni nini? — Msomaji, Maweni, Malindi*

Tatizo ni simu. Simu za Android hubeba mfumo wa kulinda filamu uitwao Widevine, wenye ngazi. Simu yenye L1 hupewa picha safi. Yenye L3 huishia ubora wa chini, mistari 480 hivi, ulipe utakacholipa. Simu nyingine za bei rahisi ni L3, na boksi haisemi. Fungua programu ya Netflix, nenda kwenye mipangilio, kisha sehemu inayoeleza uwezo wa kifaa kucheza filamu, utaiona ngazi yako. Ikiwa ni L3, shuka mpango wa bei nafuu, kwa sababu huo wa juu unaulipia bure. Siku ya kununua nyingine, omba muuzaji akufungulie ukurasa huo kabla hujatoa pesa.

Nijenge ukumbi Malindi, au nimechelewa?

*Nina kiwanja karibu na barabara ya Lamu. Mwanangu anayesoma Nairobi asema dunia yote sasa yatazama simuni na senema zimekufa. Mimi nafikiria kumbi mbili ndogo za watu themanini kila moja. Nani kati yetu ana haki? — Mzee wa Malindi*

Mzee wetu, shikamoo. Kijana kapatia nusu. Mapato ya tikiti duniani yalikuwa dola bilioni 42 hivi mwaka 2019, yakaporomoka hadi bilioni 12 mwaka 2020 kwa janga la korona, na mwaka 2023 yalikuwa yamepanda hadi karibu bilioni 34. Maiti haipandi hivyo. Lakini pia hayajarudi pale yalipokuwa, na sababu iko kwenye kile wenye biashara wanachokiita dirisha: muda ambao filamu hukaa ukumbini peke yake kabla ya kupatikana nyumbani.

Dirisha hilo Marekani lilikuwa siku 90 hivi. Julai 2020 kampuni ya Universal na mnyororo wa kumbi za AMC wakakubaliana siku 17. Mwaka 2021 Warner Bros. ikazitoa filamu zake zote Marekani ukumbini na mtandaoni siku moja, kisha mwaka uliofuata ikarudi kwenye siku 45. Ufaransa wao wameliwekea dirisha kanuni, na tangu 2022 Netflix husubiri miezi 15. Kwetu hakuna kanuni ya namna hiyo, kwa hiyo utakula kinachoamuliwa Los Angeles. Mtu anayejua filamu itafika nyumbani baada ya wiki sita hatoki kwa filamu ya kawaida. Hutoka kwa ile kubwa inayosemwa na kila mtu, au kwa ile inayohusu watu wake. Zile za katikati ndizo zilizohamia simuni, na hatuoni zikirudi.

Sasa hesabu. Kumbi mbili za viti 80, maonyesho matatu kila moja, ni viti 480 kwa siku. Tuseme, kwa mfano, unauza kimoja katika kila vitano: tikiti 96. Kwa shilingi 400 ni 38,400. Msambazaji wa filamu kubwa huchukua nusu hivi, na wiki ya kwanza yaweza kuzidi. Umebaki na 19,200 kabla ya kodi, mishahara, mkopo na umeme, na kwa joto la Malindi viyoyozi haviwezi kuzimwa watu wakiwa ndani. Ndiyo maana kumbi kote duniani huishi kwa bisi na soda, ambazo msambazaji hana mgawo ndani yake. Ukichora ramani, duka la vinywaji lichorwe kabla ya viti.

Kisha mitambo. Mikanda ya milimita 35 imekwisha: kufikia 2014 studio kubwa za Marekani zilikuwa zimeanza kuacha kabisa kuitoa. Filamu siku hizi huja kama furushi la kidijitali liitwalo DCP, ndani ya diski au kwa kupakuliwa, pamoja na ufunguo wa KDM. Ufunguo huo hutengenezwa kwa mtambo wako mmoja tu na huwa na saa ya kuanza na saa ya kwisha. Ufunguo ukichelewa, diski iliyojaa filamu haina faida yoyote, na onyesho la saa mbili usiku hurudishiwa watu pesa. Projekta ya kuusoma mfumo huo, pamoja na seva yake, ni makumi ya maelfu ya dola kwa kila ukumbi. Studio kubwa hazikupi filamu mpya kwa projekta ya ofisini.

Ushauri wetu, Mzee: usijenge kumbi mbili. Jenga ukumbi mmoja wenye sakafu tambarare na viti vya kuhamishwa, usioingiza mwanga wala kuwa na mwangwi, ukodishwe mchana kwa semina na harusi, na jioni za mwisho wa wiki uwe senema. Ukisimama kwa miezi kadhaa bila mkopo kukukaba, ndipo uzungumze na muuzaji wa mtambo wa DCP. Ukumbi kamili wa karibu uko Mombasa, kilomita 120 hivi, kwa hiyo wateja wa filamu kubwa wapo. Lakini wanaweza kuwa wa filamu sita kwa mwaka, na jengo linalipiwa miezi kumi na miwili.

Bando lakwisha kabla ya filamu

*Filamu moja yala data kiasi gani? Na nikipakua kabla ya kupanda boti, mbona baadaye yakataa kufunguka? — Mama watatu, Shela*

Kwa Netflix, mpangilio wa chini wa ubora wa picha hula GB 0.3 kwa saa, wa kati 0.7, na wa juu hufika GB 3 kwa picha isiyo ya 4K, ile kali kuliko zote. Filamu ya saa mbili kwa hiyo ni GB 0.6, 1.4 au 6. Kwenye kioo cha simu wa kati unatosha kabisa, anayekuambia vinginevyo hajalipia bando lako. Kwa watoto wenye kutazama saa moja kila siku, mwezi ni GB 21 kwa wa kati na hadi 90 kwa wa juu. Mpangilio hubadilishwa ndani ya akaunti, kwa kila mtazamaji peke yake, si kwenye simu tu. Hapo ndipo wengi hukosea: wanapunguza simuni halafu televisheni inaendelea kunywa.

Kasi ya kutazama bila kukwama ni megabiti 3 kwa sekunde kwa picha safi ya kawaida, 5 kwa safi zaidi, 15 kwa 4K. Ipime saa tatu usiku wakati mtaa mzima uko hewani. Kipimo cha asubuhi hakikuelezi kitu.

Iliyopakuliwa hukataa kwa sababu ina muda wake. Filamu nyingine huzimika saa 48 tangu ulipobonyeza kucheza mara ya kwanza, kwa hiyo ukiijaribu kidogo jettini ili uone kama ipo, umeshaianzisha saa hiyo. Pakua ukiwa na intaneti nzuri, acha bila kuigusa.

Kuna aliyetuuliza pembeni mbona Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, kwa wengine Netflix iliendelea. Netflix huweka nakala za filamu zake kwenye seva zilizo ndani ya mitandao ya kampuni za intaneti, hivyo filamu nyingi hazivuki bahari kila unapoziita.

Pazia la nje, upepo na chumvi

*Shule yetu ina ruhusa ya kuonyesha filamu iliyotengenezwa na wanafunzi wenyewe, kiwanjani, wazazi wakaalikwa. Projekta ya aina gani yatosha? Mwaka jana pazia liliruka. — Mwalimu, Lamu*

Mwalimu, haki za filamu mnazo, basi twende kwenye vyombo. Kumbi za senema hulenga mwanga ambao, kwa pazia jeupe la kawaida, ni sawa na lumeni (kipimo cha mwanga) 150 hivi kwa kila mita ya mraba. Pazia la mita 4 kwa 2.25 ni mita za mraba 9, yaani lumeni 1,350. Tafuteni projekta yenye lumeni 3,000 za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kanuni rasmi. Zile zinazozidi ni akiba, kwa sababu taa inayokaribia mwisho wa maisha yake hutoa nusu ya mwanga. Vile viprojekta vidogo vilivyoandikwa lumeni 9,000 bila neno ANSI, vingine havifiki 300.

Umbali: projekta nyingi huhitaji mara moja na nusu ya upana wa pazia, kwa hiyo mita 6. Iwekwe juu ya meza ndefu, katikati kabisa, isiinamishwe halafu picha ikanyooshwa kwa kitufe. Kitufe hicho hukata sehemu ya picha na kuifanya ififie.

Pazia liliruka kwa sababu ni tanga. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao wakati wa kusi si jambo la ajabu, husukuma mita zile 9 kwa nguvu ya zaidi ya kilo 50, na hapo hatujataja mapigo ya ghafla. Tengenezeni fremu ya boriti za mkoko, miguu yake ikiwa na mihimili ya kuegemea nyuma, na kila kona ishikwe na gunia la mchanga la kilo 40. Vigingi kwenye mchanga wetu mkavu hung'oka. Kitambaa msikifunge moja kwa moja kwenye fremu: kitobolewe matundu ya chuma pembezoni, kisha kifungwe kwa kamba za mpira, ili upepo ukija kinyooke na kurudi badala ya kuchanika. Bafta nyepesi hupitisha mwanga, ishonewe kitambaa cheusi kwa nyuma. Upepo ukifika pale ambapo fremu inatikisika mkiwa bado mnaifunga, ahirisheni. Na ikiwa mtahamia ndani ya mji wa kale, msitoboe kuta za matumbawe kutundika chochote. Fremu isimame yenyewe.

Kompyuta ikae karibu na projekta, maana waya wa kawaida wa HDMI ukizidi mita 10 huanza kukatakata picha. Kinachovutwa mbali ni waya wa sauti, ule wenye vichwa vya XLR, hadi kwenye spika mbili za inchi 12 pande za pazia. Bluetooth iacheni: sauti huchelewa, midomo ikafunga kabla ya neno kusikika.

Umeme ukikatika, taa ya projekta ya aina ya zamani hubaki na joto bila feni, na ndiyo njia ya haraka ya kuipasua. Betri ya dharura ya VA 1,000 kwa projekta ya wati 300 inawapa dakika za kutosha kuizima kwa kitufe na kuiacha feni izunguke hadi isimame. Baada ya onyesho isilale kiwanjani wala barazani. Hewa ya bahari huingia na chumvi, na unyevu huotesha ukungu kwenye lenzi. Ifutwe vumbi kwenye chujio, iwekwe ndani ya boksi lenye mfuniko pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, ambavyo hubadilishwa vikishalowa.

Anzeni saa mbili usiku. Giza huwa kamili na watu wameshaswali Isha.

Filamu fupi kwa Kiamu

*Nimemaliza filamu ya dakika 22, niliyoirekodi kwa simu. Niiweke YouTube kwanza ijulikane, au nisubiri? — Mtayarishaji chipukizi, Lamu*

Subiri. Matamasha mengi hukataa au hushusha filamu iliyokwisha kuwekwa hadharani mtandaoni, na majukwaa ya kulipia hupunguza bei. Anza na matamasha, mojawapo likiwa la Zanzibar, ZIFF, kisha maonyesho ya ukumbini, kisha jukwaa la kulipia, YouTube mwisho. Mkataba wowote uusome sehemu tatu kabla ya bei: haki ni za peke yao au la, ni za nchi zipi, na za miaka mingapi. Neno "milele" likiwemo, rudisha karatasi.

Furushi la DCP unaweza kulitengeneza mwenyewe kwa programu ya bure ya DCP-o-matic. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde ilhali kumbi huzoea 24, na ubadilishaji huifanya miendo iruke, kwa hiyo uliza ukumbi kama wanapokea 30. Kwa dakika 22 furushi halizidi GB 45 hivi hata kwa kiwango cha juu kabisa. Tafsiri za maandishi ziwe faili peke yake, zisichomwe ndani ya picha, maana mtazamaji wa Nairobi na wa Berlin hawasomi maandishi yale yale.

Umetuandikia pia kwamba kwenye tukio la harusi kuna wimbo wa taarab uliopigwa kutoka kwenye spika ya mtaani. Huo unahitaji ruhusa mbili kwa maandishi, ya mtunzi na ya mwenye rekodi. Usipozipata, rekodi upya tukio hilo kwa ngoma ya watu wako mwenyewe, wakutilie saini, kabla hujajaza fomu ya tamasha lolote.